Mpangaji Ndani ya Kompyuta

Alianza na michezo. Hilo halikumuuma mtu, maana nani katika nyumba ile alikuwa na nafasi ya kupanga karata kwenye kioo cha kompyuta? Akaifuta. Baada ya michezo ikafuata programu ya kuchorea, ya kalenda, ya hali ya hewa, ya kuchapisha (na printa yenyewe hawakuwa nayo), kisha maandishi ya lugha ambazo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi hata kuzisikia. Kila akifuta kitu alichungulia pembeni mwa kioo, akaona kumbukumbu inayotumika imeshuka kidogo, akatabasamu peke yake kama mtu aliyepokea ujumbe wa mpenzi.

Mtaani walimwita Waya, kwa sababu tangu ujana hakuwahi kutembea bila kipande cha waya mfukoni. Alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ya bima mpaka wakubwa walipoona ni rahisi kukodi watu wa nje, naye akamwaga unga. Tangu siku hiyo mikono ilimwasha. Bawaba za milango yote ya nyumba alikwisha kuzikaza, pamoja na zile ambazo hazikuwa zimelegea. Redio ya jikoni aliifungua na kuifunga mpaka ikaanza kukohoa. Mkewe, ambaye alikuwa akishona nguo za watu pale sebuleni, alimpiga marufuku kukaribia cherehani yake. "Iguse tu," alimwambia, "ndipo utajua huu mkasi ninao wa nini."

Kompyuta haikuwa yake pia. Ilikuwa ya dada yake mkubwa, asiyeona tangu utoto, aliyekaa chumba cha nyuma na ambaye, tuseme ukweli, ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba. Baraza la kusuluhisha wafanyakazi na waajiri lilirekodi vikao vyake, na dada alikuwa akisikiliza zile rekodi na kuandika kila neno lililosemwa. Kompyuta ilimsomea alichoandika kwa sauti moja ya kiume, ya puani, iliyotamka Kiswahili kama mgeni aliyejifunza jana. Nyumbani waliipa jina la Mpangaji, maana ilishinda chumbani inaongea na haikulipa hata maji.

Siku za karibuni Mpangaji alikuwa ameingiwa na kigugumizi. Anaanza neno, anakwama, anasubiri, halafu anamwaga sentensi nzima kwa mkupuo. "Hebu iangalie, mdogo wangu," dada alisema wakati anaondoka na wifi yake kwenda kumjulia hali shangazi aliyekuwa mgonjwa na kulala huko. "Imekuwa nzito."

Iangalie. Hilo tu ndilo aliloambiwa. Lakini ukimwambia mtu asiye na kazi aangalie kitu, umempa kazi, na Waya aliishika kwa mikono miwili. Kompyuta ile ilikuwa na Linux, na Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta usiokukatalia kitu: ukitaka kutoa hata kiti ulichokalia, itakuuliza mara moja tu kama una hakika. Isitoshe, kulikuwa na jukwaa moja mtandaoni alilolizoea tangu aachishwe kazi, ambapo wanaume wa mbali walionyeshana kompyuta zao zilivyokonda. Huyu katoa hiki, yule katoa hiki na kile, na mwenye vitu vichache kuliko wenzake ndiye aliyeheshimiwa. Waya alikuwa akisoma tu pembeni bila kusema. Sasa alikuwa na mashine mkononi na nyumba nzima peke yake.

Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho ni huyo Mpangaji. Kila herufi aliyobonyeza ilisomwa. Kila amri ilisomwa. "Mkwaju. Nukta. Mstari. Mkwaju," Mpangaji alimwimbia sikioni, mpaka kichwa kikamgonga. "Wewe naye!" Waya alisema, akashusha sauti mpaka chini kabisa. Chumba kikatulia, akaendelea na kazi yake kwa raha.

Kila alipotaka kutoa kitu, mfumo ulimwonyesha kwanza majina ya vyote vitakavyoondoka, kisha ukauliza: ndiyo au hapana? Mwanzoni alisoma. Baadaye alikuwa anapitisha macho. Alipofika mahali pa kuondoa sura nzima ya kompyuta, picha zake, vitufe vyake, madirisha yake na mapambo yake, majina yalijaa kioo na kukimbilia juu, naye akapiga ndiyo kabla hayajatulia. Akaamuru na masalio yafagiliwe. Katika msafara ule alikuwemo msomaji wa dada, huyo Mpangaji mwenyewe, ambaye kwenye mfumo ana jina la mnyama wa baharini lisiloeleza chochote kuhusu kazi yake. Ilikuwemo mitambo ya sauti. Ilikuwemo na ile programu inayokamata intaneti. Waya hakusikia chochote kikiondoka, kwa kuwa alikwisha kujizibia masikio mwenyewe.

Alipomaliza, kioo kilikuwa cheusi, na juu yake alama moja nyeupe ikipepesa. Kompyuta iliyokuwa ikiwaka huku mtu anapiga miayo sasa iliwaka kabla hajakaa vizuri. Akaipiga picha kwa simu, akaiweka jukwaani. "Safi sana, mkuu," mmoja akamjibu. "Hapo hakuna takataka." Waya alilisoma jibu hilo mara kadhaa. Tangu atoke kazini hakuna mtu aliyekuwa amemwita mkuu, na alifurahi, alifurahi kweli, hata akapiga mluzi wakati anafagia chumba.

*

Dada alirudi asubuhi, akaweka mkoba, akanawa mikono, akaenda moja kwa moja kwenye meza yake. Waya alisimama mlangoni akiwa amekunja mikono kifuani, mtu anayesubiri kupongezwa.

"Waya."

"Naam, Dada."

"Umeiwasha?"

"Imewaka zamani! Hukusikia hata feni. Ndiyo uone wepesi wake."

Dada alibonyeza kitufe kimoja. Akabonyeza kingine. Akainamisha kichwa upande, kama mtu anayebisha hodi na kusikiliza kama kuna mtu ndani. "Mbona haisemi?"

"Ah, nilishusha sauti kidogo. Ngoja." Waya akaja mbio, akapandisha. Kimya. Akaandika amri ya kumwamsha msomaji, na kioo kikamjibu kwa maandishi kwamba kitu hicho hakipo. Akajaribu tena kwa herufi nyingine. Hakipo.

"Inasemaje?" dada aliuliza.

"Inasema... subiri kidogo, Dada."

"Mimi siwezi kusubiri. Kile kikao nilichokiacha nusu kinatakiwa leo kabla ofisi haijafungwa. Kesho baraza linakaa kukisoma." Alisema bila kupandisha sauti, jambo ambalo kwa dada lilikuwa baya zaidi. "Mpangaji na kigugumizi chake kashanichelewesha. Yule mkuu mpya wa ofisi ya baraza kaniambia mwenyewe, nikichelewa tena watatafuta mwandishi asiye na usumbufu. Asiye na usumbufu, kasema hivyo. Yaani mwenye macho, ila hakutaka kulitamka."

Waya alijua jinsi dada alivyoipata kazi ile. Alijua walivyomwambia kwanza kuwa watamjaribu, na miaka yote hii bado ni kama walikuwa wanamjaribu.

"Nitairudisha," alisema. "Ni suala la kuvuta tu kutoka kwenye intaneti, dakika chache."

"Basi vuta."

"Intaneti nayo... nimeitoa."

"Umeitoa ukaipeleka wapi?"

Mkewe, aliyekuwa ameshaanza kukanyaga cherehani sebuleni, aliacha kushona. Ile kelele ilipokatika, Waya alijua ana wasikilizaji wawili.

Alijaribu kuunganisha simu yake na kompyuta kwa ule waya wa mfukoni. Kompyuta ikaipokea simu kama watu wasiojuana. Alichukua flashi, akatoka mbio hadi kwenye duka la kuchapisha barabarani, kwa mama mmoja ambaye zamani alikuwa akimtengenezea mashine zake na kumhubiria namna ya kuzitunza.

"Fundi mzima unakuja kuazima intaneti?" yule mama alimwambia mbele ya wateja. "Kaa pale. Usifungue kitu, usifute kitu."

Watu wakacheka. Waya naye akacheka, ingawa hakuona la kuchekesha. Alipakua msomaji, akarudi nyumbani, akaiambia kompyuta imweke. Kompyuta ikakataa: msomaji hakai bila mwenzake fulani. Akarudi dukani, akampakua mwenzake, akaja naye. Huyo mwenzake naye akasema hakai bila ndugu zake wengine, na kila ndugu alikuwa na ukoo. Safari iliyofuata yule mama wa duka hakumtania tena, alimsogezea kiti tu, na kusogezewa kile kiti kulimuuma kuliko maneno.

Aliporudi, kitu alichopakua kilikuwa toleo lisiloelewana na la kompyuta yao. Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani.

"Imekataa," alisema. "Dada, nisamehe. Nilitaka ikuchangamkie."

"Najua ulichotaka." Dada akagusa kibodi. "Faili langu lipo au nalo umelitoa?"

"Lipo. Hilo sikuligusa."

"Kibodi inaandika?"

"Inaandika."

"Basi inuka hapo. Mpangaji umemfukuza, utasoma wewe."

*

Dada aliweka kisikilizi kwenye sikio moja, lile jingine akamwachia mdogo wake. Kinasa sauti kikawa mkono wa kushoto. Alisikiliza kipande, akakisimamisha, vidole vikakimbia, kisha akasema, "Soma." Waya akasoma. Alisoma kama mtu mwenye haraka, na alikuwa na haraka kweli, kwa kuwa mwanga wa dirishani ulikuwa umeshahamia ukuta wa pili.

"Polepole. Na usome na alama."

"Mtunza stoo, nukta mbili," Waya akasoma. "Nilifika asubuhi kama kawaida nikakuta kitasa kimebadilishwa, nukta. Hakuna mtu aliyeniuliza nilikuwa nafanya nini mle ndani, nukta."

"Umeruka."

"Nimeruka nini?"

"Kasema yaani, yaani hakuna mtu aliyeniuliza. Nimeandika yaani mbili. Zimo?"

Waya akaangalia. Zilikuwemo. "Ah, Dada, hizo yaani zina faida gani? Mama wa watu alikuwa anababaika tu. Zikiondoka inasomeka vizuri zaidi."

Dada alizungusha kiti. "Zikiondoka anakuwa mtu ambaye hakubabaika. Kesho wanasema mbona alikuwa mkavu, haikumuuma. Wewe soma kilichopo. Hujaombwa kupunguza."

Waya akarudia, mara hii na yaani zote mbili. Aliposema kitasa kimebadilishwa, macho yakapoteza mstari. Yeye kitasa chake hakikubadilishwa. Kilikuwa kikadi cha mlangoni kilichogoma kuwasha taa ya kijani, na mlinzi aliyekuwa akimsalimia kila siku alijifanya anaangalia barabara. Hakuwahi kumsimulia mtu. Akautafuta mstari, akasoma sentensi iliyofuata.

"Umechoka?" dada aliuliza.

"Hapana."

"Haya, tuendelee."

Wakaendelea. Mkewe aliingiza vikombe vya chai, akaviweka, akatoka bila kusema, naye si mtu wa kutosema. Kulikuwa na mawakili waliokatizana, na mzee mmoja aliyekohoa katikati ya kila jibu, na dada aliandika hata kikohozi. Mara nyingine alimwambia Waya arudie mstari mpaka Waya akatamani kuinuka akimbie. Hakuinuka. Kidogo kidogo akajifunza kusoma bila kutangulia, na mwishoni dada alikuwa haulizi tena kama ameruka.

Ilibaki kuipeleka. Dada alimpigia simu katibu wa ofisi kueleza kuwa kompyuta imeharibika. Hakusema imeharibiwa na nani. Katibu akanong'ona kuwa mkuu hataki tena kusikia sababu, wamtume mtu alete kwa flashi, upesi.

"Twende wote," Waya alisema.

"Mimi na wewe tukienda pamoja tutafika kesho. Kimbia."

*

Alifika ofisini shati limemganda mgongoni. Katibu aliichomeka flashi, akafungua faili, akapumua. Mkuu mwenyewe akatoka chumbani kwake, mtu nadhifu mwenye miwani, akasoma kioo kwa kuinama juu ya bega la katibu.

"Safi," alisema. "Hata vikohozi vimo. Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake, bosi."

"Kumbe ndiyo siri. Tulikuwa tunashangaa anavyoweza." Alicheka kwa wema kabisa. "Ndiwe unayemwandikia."

"Hapana, bosi, anaandika mwenyewe. Mimi leo nimemsomea tu."

"Yaani bila wewe isingewezekana."

Waya akafungua mdomo. Alitaka kueleza kuwa bila yeye ingewezekana tangu asubuhi, ingefika kwa barua pepe na dada angekuwa anakunywa chai. Lakini maelezo yale yangeanza na michezo, na maandishi ya lugha ngeni, na jukwaa la mtandaoni, na mbele ya miwani ile hakujua aanzie wapi. "Leo tu," alisema.

"Sikiliza. Unafanya kazi wapi?"

"Kwa sasa sipo mahali."

"Basi tufanye kitu kirahisi. Mkataba unaofuata tuandike jina lako. Namna mtakavyogawana nyumbani, hayo ni yenu, mimi nataka kazi ije kwa wakati na nisisikie mashine sijui imefanyaje. Pita kesho utie sahihi."

Katibu aliinamisha kichwa, akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake ya kusema. Waya aliiona, na aliona pia jina lake kwenye karatasi ya ofisi, kikadi kipya, mlinzi anayemsalimia. Aliona mkewe akiwaambia wateja wake kuwa mume wangu yupo kazini.

"Nitamuuliza dada," alisema.

*

Alitembea kurudi, hakukimbia. Nyumbani aliwakuta dada na mkewe wamekaa sebuleni, cherehani imefunikwa.

"Imepokelewa?" dada aliuliza.

"Imepokelewa. Kasema safi."

Mkewe akapiga makofi mara moja. Dada akaegemea kiti, akafumba kope, mabega yakamshuka. Waya angeweza kuishia hapo, na kwa muda alitaka kuishia hapo. Lakini alikuwa ameshinda akisoma kila neno, na mdomo haukutaka tena kuruka.

"Kuna lingine," alisema, akalieleza lote, pamoja na neno kirahisi, pamoja na sahihi ya kesho.

Dada hakufungua kope. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nitakuuliza."

Mkewe akaguna. Dada akageuka, akamwelekezea Waya uso kana kwamba anamwona.

"Vitu vyangu uliviondoa kimoja kimoja, hukuniuliza hata kimoja. Kazi yangu mtu anataka kuniondolea, hapo ndipo unakuja kuniuliza?"

Waya aliona haya, haya za kumfanya mtu mzima atake kujificha nyuma ya mlango. Alimtazama mkewe, na mkewe akayatazama mavazi ya watu yaliyoning'inia ukutani. Hakuna aliyemsaidia, na ilikuwa haki asisaidiwe.

Akatoa simu, akapiga namba ya ofisi. Iliita, ikaita. Alipodhani wameshafunga, mkuu akapokea, na nyuma yake zikasikika funguo.

"Bosi, ni mimi, yule wa flashi. Kuhusu mkataba. Hapana. Na kompyuta ile niliiharibu mimi. Nilifuta kinachomsomea, sikujua, sikuangalia. Leo nusura achelewe kwa sababu yangu."

"Ndugu, mbona unajipa taabu? Wewe si umeniambia huna kazi?"

"Sina, bosi. Mwenye kazi ni dada."

Dada akanyoosha mkono hewani, kiganja juu, na Waya akamwekea simu humo. Dada hakusalimia wala hakushukuru.

"Kikao kinachofuata," alisema, "kina wasemaji wangapi?"

Yule mkuu akashusha pumzi, na funguo zikasikika zikiwekwa mezani, naye akaanza kuwahesabu.